Mahali pa Mama katika Chumba cha Eksirei

Katika lugha yetu picha hupigwa, kama ipigwavyo sindano na kama ipigwavyo hodi, na mtu mzima aliyekwisha kulizoea neno hilo halimshitui hata kidogo. Lakini mtoto wa miaka minne aliyeketi juu ya benchi la hospitali, mkono wake umevunjika na umetundikwa shingoni kwa kanga, akimsikia tabibu anamwambia mama yake ampeleke chumba cha pili akapigwe picha, hilo neno picha humpita sikioni, akabaki na moja tu, kwamba anapelekwa kupigwa. Nimepata kumsikia mtoto wa namna hiyo akiuliza, kwa sauti ndogo iliyokaribia kuwa kilio, "Mama, watanipiga na nini?" Mama yake akamsogeza kifuani, akamjibu, "Si kupigwa kwa fimbo, baba. Ni mwanga tu utapita, nami nitakuwa papo hapo."

Nimeyafikiri sana maneno hayo ya mwisho, kwa kuwa ni ahadi ambayo mzazi wa leo huitoa bila ya kusita, na aghalabu huweza kuitimiza, ilhali kwa miaka mingi tangu mionzi hii ijulikane duniani mzazi hakuwa na uwezo wa kuitoa. Tarikhi ya eksirei imeandikwa mara nyingi, nayo huandikwa kama tarikhi ya mashine: tyubu hii ikafuatwa na tyubu ile, sahani ya kioo ikafuatwa na filamu, filamu ikafuatwa na kompyuta. Mimi nataka kuifuata kwa njia nyingine, nikiuliza katika kila zama jambo moja: mtoto alipokuwa amelazwa mbele ya mashine, mama yake alikuwa amesimama wapi?

Mwanzo wake wajulikana. Jioni ya tarehe 8 Novemba, 1895, katika mji wa Würzburg nchini Ujerumani, Wilhelm Conrad Röntgen, mwalimu wa fizikia, aliona kipande cha karatasi kilichopakwa dawa kiking'aa gizani, ingawa tyubu ya kioo aliyokuwa akiipitishia umeme alikuwa ameifunika kwa karatasi nyeusi, akatambua ya kuwa pana miale isiyoonekana inayopenya vitu. Na kwa kuwa hakuijua asili yake aliipa herufi X, ile ambayo wanahesabu hukiitia kitu kisichojulikana. Tarehe 22 Desemba aliuweka mkono wa mkewe, Anna Bertha, juu ya sahani ya picha, naye bibi huyo akautuliza pale kiasi cha robo saa, hata mifupa yake na pete yake vikadhihiri. Röntgen hakutaka kujipatia hati ya kuumiliki uvumbuzi huo, akawaachia watu wote waufaidi. Na maadamu tyubu na koili za umeme zilikuwa zimekwisha kuwamo katika vyuo vingi vya Ulaya na Marekani, hazikupita wiki nyingi kabla ya watoto nao kufikishwa mbele yake.

Mmoja katika hao wa mwanzo alikuwa mvulana wa miaka 12 aliyekuwa amejipiga risasi katika mkono wake wa kushoto, akaletwa kwa Robert Jones, tabibu wa mifupa wa mji wa Liverpool, ambaye alijaribu kuitafuta risasi hiyo kwa vyombo vya kawaida asiipate. Tarehe 7 Februari, 1896, mtoto huyo alichukuliwa, si hospitalini, kwani hospitali haikuwa na chombo hicho, bali katika maabara ya fizikia ya Oliver Lodge, na huko mkono wake ukawekwa juu ya sahani, miale ikaelekezwa kwake kwa muda uliozidi saa mbili. Picha ilipooshwa, risasi ikaonekana imekwama baina ya mifupa ya kiganja. Maulamaa walioisoma habari hiyo katika gazeti la The Lancet mwezi ule ule walistaajabia risasi. Mimi nastaajabia zile saa mbili. Mama yeyote anajua ni kazi gani kumtuliza mtoto mwenye maumivu kwa muda wa kusoma Fatiha. Huyu alitakiwa akae kama jiwe muda wa safari nzima ya basi, katika chumba cha vyombo asivyovijua, koili ikialika cheche kando yake na hewa ikinuka umeme, na stahamala yake ndiyo iliyoifanya picha ile, sawa na ilivyoifanya tyubu ya Lodge. Taarifa za kitabibu za zama hizo hutueleza kwa utulivu habari za waya na kioo na nguvu ya umeme. Ni mara chache hutuambia ni nani aliyeushika mkono wa pili wa mtoto.

Katika mwaka huo huo, upande wa pili wa bahari, ulitokea mkasa ambao kila nikiukumbuka huniingia moyoni. Katika Chuo Kikuu cha Vanderbilt, mjini Nashville, mwalimu wa fizikia aitwaye John Daniel aliombwa aitafute risasi iliyokuwamo katika kichwa cha mtoto aliyepigwa kwa bahati mbaya. Kichwa si kiganja; hapana aliyepata kujua miale ile ingefanya nini ndani ya fuvu la mwanadamu. Basi mkuu wa idara ya utabibu ya chuo hicho, William Dudley, akakitoa kichwa chake mwenyewe kijaribiwe kwanza, akakaa mbele ya tyubu kiasi cha saa nzima. Picha haikufaa kitu. Lakini baada ya siku 21 nywele za Dudley zikaanza kupukutika pale pale ilipoelekezwa tyubu, akabaki na kipara cha mviringo chenye upana wa inchi mbili. Daniel aliitangaza habari hiyo, nayo ikawa miongoni mwa maonyo ya mwanzo kabisa kwamba miale ile si nuru tu. Twaijua kwa sababu mtu mzima mmoja aliona si insafu mtoto atangulizwe mahali ambapo yeye mwenyewe hajapita.

Si wote waliopata hadhari hiyo mapema. Matabibu na mafundi wengi wa miaka ya mwanzo walikuwa wakiipima nguvu ya mashine kila asubuhi kwa kuuweka mkono wao wenyewe mbele yake, mpaka vidonda visivyopona vikageuka saratani, wakakatwa vidole, kisha mikono, kisha wakafa. Na mwaka 1936, katika bustani ya hospitali ya Mtakatifu Georg mjini Hamburg, iliwekwa nguzo ya mawe iliyochorwa majina 169 ya watu wa mataifa mbalimbali waliokufa kwa sababu ya kazi hiyo. Waliokuwa wakiwakamata watoto watulie walikuwa ni wauguzi na mafundi hao hao, siku baada ya siku, mtoto baada ya mtoto.

Lakini mtoto hakuwa na habari ya madhara. Kwake yeye hofu ilikuwa ni giza. Uchunguzi mwingi wa nusu ya kwanza ya karne iliyopita ulifanywa kwa kuangalia moja kwa moja kivuli cha mwili katika ubao unaong'aa, na mng'ao wake ulikuwa dhaifu mno hata tabibu alilazimika kuvaa miwani myekundu muda mrefu kabla ya kazi ili macho yake yazoee giza. Tumtazame sasa mtoto wa miaka mitatu: ameingizwa katika chumba kisichopenywa na mwanga, akapokewa na mtu mwenye miwani myekundu na glavu nzito zifikazo viwikoni, akavuliwa nguo, akasimamishwa kifua wazi juu ya bamba baridi, akapewa uji mweupe wa bariamu usio na utamu anywe, na taa zikazimwa. Ilipofika miaka ya 1950 chombo cha kuikuza ile nuru dhaifu kilianza kuenea, na taa za chumba zikaweza kubaki zimewaka. Katika vitabu vya mafundi jambo hilo huandikwa kama maendeleo ya picha, ambapo kwa yakini lilikuwa pia miongoni mwa rehema kubwa walizopata watoto wagonjwa.

Palikuwa na mahali pamoja katika miaka hiyo ambapo mama alipewa nafasi yake rasmi, tena yenye tundu lake la kuchungulia. Kuanzia miaka ya 1920, maduka mengi ya viatu ya Marekani na Uingereza yaliweka sanduku la mbao lenye eksirei ndani yake. Mtoto hupanda kidaraja, akaiingiza miguu katika pango la chini akiwa amevaa kiatu kipya, na juu pana matundu matatu, moja la mwuza viatu, moja la mzazi, moja la mtoto mwenyewe, ambaye huviona vidole vyake vya mifupa vikichezacheza katika mwanga wa kijani kibichi. Watoto walilipenda sanduku hilo, wakalirudia mara mbili tatu ndugu zao walipokuwa wakichaguliwa viatu, na wazazi wakaona wamefanya uangalifu wa hali ya juu. Ilipodhihiri kwamba mionzi ilikuwa ikivuja hata kumfikia mwuzaji aliyesimama kando kutwa nzima, serikali zikaanza kulikataza, jimbo la Pennsylvania likitangulia mwaka 1957. Jambo hili lanihuzunisha kila nikilikumbuka, kwamba mzazi alikaribishwa karibu na mtoto wake pasipokuwa na haja ya mionzi, na hospitalini, palipokuwa na haja, akaambiwa angoje nje.

Na kungoja nje kulikuwa ndiyo kanuni. Hospitali za watoto za Uingereza na Marekani katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini zilimhesabu mzazi kuwa mleta maradhi na mleta machozi: akija, mtoto hulia, akiondoka, mtoto hulia zaidi, asipokuja kabisa, mtoto hunyamaza baada ya siku chache, na ule unyamavu ukachukuliwa kuwa ni kutulia. Zilikuwapo wodi zilizoruhusu mzazi kuja saa moja au mbili kwa juma, na zilikuwapo zilizomruhusu kumtazama mwanawe kupitia kioo, au usiku akiwa amelala. Basi mtoto alipopelekwa chumba cha eksirei, alipelekwa na muuguzi asiyemjua, akafungwa kwa shuka na mifuko ya mchanga asitikisike, akarudishwa kitandani, na mama yake hakupata hata kujua kwamba siku hiyo amepigwa picha.

Waliolipinga jambo hilo hawakuwa wengi. James Spence, katika mji wa Newcastle, aliwapokea akina mama pamoja na watoto wao wachanga tangu miaka ya 1920, akaona kwamba mama ndiye muuguzi bora kuliko wote. Mwaka 1952 James Robertson, wa kliniki ya Tavistock mjini London, alionyesha filamu ya mtoto wa kike wa miaka miwili aliyelazwa siku nane kwa upasuaji mdogo, akiwa peke yake. Hakuna katika filamu hiyo ukali wala ukatili, ila kuna uso wa mtoto unaobadilika siku kwa siku, na matabibu wengi waliohudhuria walikasirika kwa kuonyeshwa kitu ambacho macho yao yalikuwa yakikiona kila siku. Hatimaye, mwaka 1959, kamati ya serikali ya Uingereza chini ya Sir Harry Platt ilitoa shauri kwamba wazazi waruhusiwe kuja wakati wowote, na kwamba mama wa mtoto mdogo alazwe pamoja naye ikiwezekana. Platt alikuwa tabibu wa mifupa. Umri wake wote aliupitisha akizisoma picha za eksirei, na nadhani haikuwa bahati tu kwamba mtu aliyezoea kutazama mifupa ya watoto ndiye aliyekubali kuwatazama watoto wenyewe.

Lakini kabla kamati hiyo haijamaliza kazi yake, akina mama walikuwa wamekwisha kufanya jambo kubwa kuliko kuruhusiwa kuingia: walikuwa wamesema, na neno lao likawa ithibati. Alice Stewart, tabibu wa Oxford, aliona kwamba saratani ya damu inazidi miongoni mwa watoto wadogo, asijue ni kwa nini. Na badala ya kwenda kuuliza mashine, akaona wapo watu ambao huenda wanakumbuka kitu ambacho matabibu wamekisahau. Kwa fedha kidogo tu alitunga orodha ya maswali, akawaendea maofisa wa afya wa wilaya za Uingereza na Wales kuwaomba watu wao wayafikishe maswali hayo kwa mama waliofiwa na watoto kwa saratani baina ya mwaka 1953 na 1955, na kadhalika kwa mama wengine ambao watoto wao, wa umri ule ule na mtaa ule ule, walikuwa wazima. Maswali yalikuwa mengi, ya maradhi na vyakula na desturi za nyumbani, na baina yake limo moja: ulipokuwa mjamzito, ulipigwa picha ya eksirei? Majibu yalipohesabiwa, waliofiwa walikuwa wamejibu naam, ya tumboni, takriban mara mbili zaidi ya wale wengine. Stewart alitoa habari ya kwanza mwaka 1956, na taarifa kamili mwaka 1958.

Napenda msomaji atue hapa kidogo. Hodi imebishwa katika nyumba ambayo mwaka mmoja au miwili iliyopita ilitoa jeneza dogo; mgeni ameketi na karatasi zake; na yule mama, ambaye hakuna aliyemwuliza kitu mwanawe alipokuwa hai hospitalini, sasa anaulizwa, naye anajibu kwa uangalifu, mwezi hata mwezi, mambo yote ya ile mimba. Miezi, tarehe, safari za kwenda kliniki, yote alikuwa ameyahifadhi.

Maulamaa wengi hawakumsadiki Stewart, na hoja yao ilikuwa ni hii: mama aliyefiwa huwaza sana, hutafuta sababu, naye hukumbuka vitu ambavyo mama mwenye mtoto mzima amevisahau, basi tofauti ile ni ya kumbukumbu, si ya mionzi. Si hoja ya kipumbavu, na ilistahili kujibiwa. Ilijibiwa mwaka 1962 na Brian MacMahon wa Harvard, ambaye hakumwuliza mama yeyote, bali alifungua madaftari ya hospitali 37 za kaskazini mashariki ya Marekani, yaliyoandikwa kabla hapajatokea maradhi wala msiba, akafuata habari za watoto zaidi ya 700,000. Akaona kwamba waliopigwa picha wakiwa tumboni walikuwa wamekufa kwa saratani kwa kiasi cha asilimia 40 zaidi ya wenzao. Kiasi kilikuwa pungufu ya kile cha Oxford, lakini njia ilikuwa ni ile ile waliyoionyesha akina mama.

Mwaka huo huo wa 1962, na hili ni lazima nilitaje ingawa ni zito, Henry Kempe na wenzake wa Marekani walitangaza habari za watoto wanaopigwa na wazazi wao, wakilifuata jambo aliloligundua John Caffey wa New York tangu mwaka 1946, alipoona katika picha za watoto wachanga mifupa iliyovunjika pahala pengi, mingine imeanza kupona na mingine bado mibichi, bila ya wazazi kueleza ajali yoyote. Hivyo katika mwaka mmoja elimu ya utabibu iliambiwa kwamba mzazi asadikiwe, na kwamba pengine mzazi asisadikiwe. Na mtaalamu wa mionzi tangu siku hiyo hubeba mizigo yote miwili, akiipokea familia kwa upole ilhali jicho lake lina wajibu wa kuusikiliza mfupa usioweza kusema.

Baada ya hapo mlango wa chumba ulifunguka kidogo kidogo. Kanuni za hadhari zilikataza mfanyakazi wa mionzi kumshika mtoto kila siku, kwa kuwa kidogo chake hukusanyika kikawa kingi, zikaelekeza kwamba ikiwa hapana budi mtoto ashikwe, basi mzazi ndiye amshike, kwa kuwa kwake ni mara moja, naye avikwe aproni ya risasi. Kiswahili kimeliweka jambo hili kwa namna ambayo sijui kama lugha nyingine imebahatika nayo: ile risasi aliyotafutiwa mvulana wa Liverpool mkononi mwake, na hii risasi iliyoshonwa katika aproni ya mama, ni neno moja, na kwa kweli ni madini moja.

Kingine kilichomfaa mtoto ni muda. Zile saa mbili za mwaka 1896 zilipungua zikawa dakika, dakika zikawa sekunde, na kwa tyubu aliyoitengeneza William Coolidge mwaka 1913, na filamu na skrini zilizozidi kuwa nyepesi kuipokea miale, picha ya kifua cha mtoto leo huisha kwa sehemu ndogo sana ya sekunde moja. Na kiasi cha mionzi anachopata ni sawa na kile ambacho kila mwanadamu hukipata kwa siku chache tu kutoka katika ardhi na mbingu bila ya kwenda hospitali yoyote. Mtaalamu hodari humngoja mtoto anayelia avute pumzi ya kulia tena, kwani hapo mapafu hujaa, akabonyeza. Kile kilio, ambacho zamani kilikuwa sababu ya kumfungia mama nje, sasa ni msaada wa kazi.

Zipo desturi zinazobadilika hata sasa. Tangu miaka ya 1950 mtoto mwenyewe alikuwa akifunikwa kipande cha risasi juu ya viungo vya uzazi, na wazazi wakazoea kukiona kuwa ni dalili ya uangalifu. Lakini mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa utabibu cha Marekani kilishauri desturi hiyo iachwe, kwa kuwa kiasi cha mionzi kimepungua mno, na kile kipande aghalabu huteleza kikafunika mahali panapotafutwa, picha ikabidi irudiwe. Mama asiyeelezwa habari hii ana haki ya kushituka akiona mwanawe hafunikwi, na mtaalamu asiyemweleza amepungukiwa katika wadhifa wake. Aproni ya mama anayeshika, hiyo ingalipo.

Nilimwona mama wa yule mtoto wa kanga alipoingia. Mtaalamu, kijana mwenye adabu, alimwamkia mama shikamoo ingawa hawakupishana sana kwa umri, akamketisha mtoto, akamwonyesha taa itakayomulika mkono wake na kumwambia aiite jina alipendalo. Kisha akaichukua aproni kutoka ukutani, nzito hata ikamlazimu kuibeba kwa mikono miwili, na kabla ya kumvika akainamisha sauti yake ili watu wa mlangoni wasisikie, akauliza, "Samahani mama, wewe si mjamzito?" Akajibu, "La, mwanangu," akainua mikono avikwe.